Majina Aliyoitwa Baba

Ravenholme, Lancashire
Jumanne, wiki ya pili ya Kwaresima, 1634

Mpendwa mdogo wangu Thomasin,

Najua huko utawani Leuven wanakuita Sista Winifrida, na siku Mungu akinijalia kufika mlangoni kwenu nitakuita hivyo mbele ya Mama Mkuu kwa adabu zote. Kwenye karatasi niachie Thomasin wangu. Hujambo lakini? Kile kikohozi kilichokuandama tangu Watakatifu Wote kimekuacha? Na bado mnaamshwa kusali kabla ya jogoo, katika baridi hiyo? Ukiniambia hujambo ili kunipa moyo tu, nitajua, maana ukidanganya mwandiko wako hulala upande.

Sisi huku hatujambo. Binti yangu Alice ameshanipita kwa urefu na ananikumbusha kila siku. Shangazi Sybil amebakiwa na meno ya kutosha kulalamikia samaki wa chumvi, na Kwaresima hii analalamika kwelikweli. Theluji imeyeyuka upande wa kusini, kondoo wameanza kuzaa, na mwanakondoo mmoja mweusi nimempa jina lako. Usinune.

Barua yako ya pole kwa msiba wa Baba ilinifikia salama ndani ya furushi la kitani. Nililia penye kulia, halafu nikafika pale ulipouliza swali lako, nikakasirika hata nikaiweka chini. Sasa hasira imepoa na ninakujibu, kwa sababu naona hukuuliza kwa ubaya.

Unasema padre mgeni aliwahubiria, akataja majina ya dini tunayoitana huku Uingereza, na wenzako wadogo wakakujia uwaeleze maana yake. Mawili matatu uliyajua, mengine hukuyajua, kwa kuwa uliondoka hapa ukiwa mtoto. Lile la mwisho lilipotajwa, padre akasema watu wa namna hiyo wamejitenga na Kanisa wenyewe, na wakifa hivyo hana la kuwasemea. Ukamkumbuka Baba. Unaniuliza kama alikuwa mmoja wao, na kama unaweza kumtaja katika sala pamoja na marehemu waaminifu, au umtaje peke yako kimoyomoyo.

Nianze na majina. Kwa Baba nitafika.

La kwanza ni recusant, yaani mkataaji: mtu wa imani yetu ya Roma asiyekubali kwenda kanisa la mfalme siku ya Jumapili, ingawa sheria inamlazimisha. Hilo halina fumbo. Mama yetu alikuwa mkataaji tangu alipoolewa mpaka alipokufa. Alisomwa jina mahakamani mwaka hadi mwaka, na kasisi alipomnyima ardhi ya kanisa tukamzika kwenye kona ya shamba letu la matufaha. Nakumbuka siku mzee wa kanisa alipomwuliza, "Jennet, unakataa nini hasa, hata viti vyetu?" Mama akamjibu, "Viti ni vizuri. Kalieni nyinyi."

La pili ni precisian. Hao ni watu wa upande mwingine kabisa, wanaopima kila jambo kwa Biblia, na lisilomo hawalitaki nyumbani mwao wala kanisani. Mimi huwaita watu wa kipimo. Kwetu wa kwanza wao ni jirani yetu Zachary Ormerod. Utakuwa unamkumbuka, yule anayefanya kazi siku ya Krismasi na kupiga nyundo kwa nguvu ili tusikie. Hataki pete ya ndoa, hataki ngoma ya sikukuu ya Mei, na mwanawe wa kwanza alimpa jina la Toba, maskini mtoto.

Liko pia conventicle, yaani kikao cha sala kisicho na ruhusa. Zachary na wenzake wakikusanyika ghalani kuimba zaburi, hicho ni kikao cha namna hiyo. Sisi tukikusanyika darini padre akipita, kuna jina lingine baya zaidi na adhabu iliyo mbaya zaidi. Ghala lake na dari yetu vinatazamana.

Nilipokuwa nikikuandikia haya nimegundua jambo moja. Sijawahi kumsikia mtu akijiita kwa majina hayo. Mama alijua imani yake ndiyo iliyonyooka, Zachary anajua ni yake, na Kasisi Whitlock wa kanisa la mfalme hana shaka kuwa ni yake. Majina haya yote ni ya kumpa mwenzako aliye ng'ambo ya ukuta.

Sasa lile la mwisho, church-papist. Maana yake ni Mpapa wa kanisani: mtu ambaye moyo wake uko na Papa wa Roma, na makalio yake yako kwenye benchi la mfalme. Watu wa huku humwita hivyo kwa kumcheka. Mapadre wetu humwita aliyejitenga, na wao hawacheki. Ndiyo, Thomasin, Baba alikuwa mtu huyo. Sitakuficha.

Lakini unajua ilivyokuwa. Sheria ilimtazama mwenye nyumba. Mama alikataa, na kama Baba naye angekataa tungenyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi, na wewe usingekuwa hapo ulipo, maana nani angekusafirisha? Wakagawana kazi kama walivyogawana kondoo na jibini. Mama alibaki nyumbani na imani, Baba akaenda kanisani na mwili. Alimwahidi Mama jambo moja: atakaa, atasikiliza, lakini mkate wa meza ile hataula. Hata kusikiliza alipunguza. Alikuwa akichuma sufu kwa kondoo wetu mwenyewe na kujiziba masikio, na Jumapili moja watu walishatoka wote, yeye bado kaketi anatikisa kichwa kwa mahubiri yaliyokwisha zamani. Mama alicheka hata akashikilia meza.

Tatizo lilikuwa Pasaka. Wakati huo kukaa hakutoshi, kila mtu lazima apige magoti na kupokea mkate na divai, na asiyepokea hupelekwa mahakamani pamoja na wakataaji. Kuna mlango mmoja tu wa kutokea. Kitabu chao cha sala chenyewe kinasema mtu mwenye ugomvi na mwenzake asikaribie meza mpaka wapatane. Kwa hiyo kila Kwaresima Baba aligombana na Zachary Ormerod juu ya mtaro unaogawa shamba letu na lake.

Mtaro huo unaukumbuka kuliko mtu yeyote. Ulikuwa mdogo kabisa ulipomsikia Zachary akimwita Baba mwizi wa malisho, ukachota tope kwa mikono miwili ukamtupia tumboni. Baada ya Pasaka Baba alikushika mkono akakupeleka kuomba radhi, na Zachary akakupa tufaha. Ulirudi unaniuliza, "Kwani si adui?" Nikakwambia watu wazima hawaeleweki. Nami nilikuwa sielewi. Baada ya Pasaka ugomvi ule ulipoa wenyewe, bila mtu kuupatanisha, na Zachary akatuazima ng'ombe wa kulimia.

Baba aliugua wiki ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba. Kilianza kifua, kikashuka kwenye miguu, na baada ya siku chache hakuweza kuinuka. Tulituma ujumbe kwa padre, lakini maafisa walikuwa wakipekua nyumba za upande wa mtoni kusaka mapadre, naye hakuthubutu kupita njia. Nilimwambia Baba atakuja.

Siku hiyo akaniita karibu. "Margery," akasema, "yule Zachary nimemtukana miaka yote hii. Mwanzoni nilijua nadanganya. Sasa sijui tena. Mtu akitukana muda mrefu hivyo, si inakuwa kweli?"

Nikamwambia, "Baba, ni mambo ya mtaro tu."

"Mungu ataniuliza juu ya huo mtaro," akasema. "Sitaki kufa na matusi mdomoni. Nataka kupatana naye."

Nilijua maana yake. Akipatana, hana tena kisingizio. Kasisi atamletea mkate wake kitandani. Akiupokea amevunja ahadi ya Mama saa ya mwisho kabisa. Akiukataa bila sababu, amekuwa mkataaji, na nyumba itatuangukia mimi na Alice yeye akiwa bado hajapoa.

Asubuhi yake Kasisi Whitlock akaja, na nyuma yake Zachary Ormerod. Simsemi vibaya kasisi. Alikuwa amepita kwenye tope na mvua ya barafu, kabeba kikombe na mkate ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa safi, na alimpitia Zachary mwenyewe ili awapatanishe kabla ya kifo. Alidhani analeta zawadi. Akaweka kikapu kwenye sanduku la Mama, akapiga magoti, akamshika Baba mkono.

"Ambrose," akasema, "jirani yako huyu hapa. Tuyamalize. Unamsamehe?"

Nikamwona Baba akilowesha midomo. Alikuwa anakwenda kusema ndiyo, Thomasin, naapa, uso wake wote ulikuwa ukisema ndiyo. Nilisimama pale na jagi la maji mkononi.

Zachary akatazama kikapu. Akamtazama Baba. Kisha akapayuka, mtu ambaye ghalani kwake husali kwa sauti ya chini.

"Asithubutu kunisamehe! Nani kamwomba? Mpapa wa kanisani huyu, kondoo wake wamekula majani yangu tangu baba yangu yu hai, leo ndio anajifanya malaika? Mtaro ni wangu, na nitasema ni wangu hata siku ya hukumu."

"Zachary, mtu anakufa," kasisi akasema.

"Basi na afe akijua mtaro ni wa nani."

Nilitaka kumpiga kwa jagi. Nikamgeukia Baba, nikamwona ananyanyuka kwenye mto kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na macho yamemng'aa. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

"Mtu wa kipimo wewe," akasema, "unapima maneno ya Mungu mpaka nukta, mtaro wa futi nne ukakushinda. Toka kwenye nyumba yangu."

"Sitoki."

"Toka, mnafiki, kabla sijakutupia mto."

Kasisi Whitlock akainuka taratibu. Hakukasirika sana, alihuzunika. Akatuambia hajaona watu wawili wanaochukiana hivi hata mlangoni pa kaburi, na kwamba kwa hali hiyo hawezi kumpa meza yeyote kati yao. Akachukua kikapu chake akaondoka. Nilimsindikiza mpaka langoni na kumwomba radhi, na radhi ile niliiomba kwa moyo.

Niliporudi, Zachary alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kavua kofia, analia, na Baba kamshika mkono.

"Nimezidisha?" Zachary aliuliza.

"La mtaro na siku ya hukumu lilizidi kidogo," Baba akamwambia. "Umejuaje?"

"Ambrose, nimekaa nyuma yako miaka yote. Ukitikisa kichwa, sufu inachungulia."

Baba akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikampa maji. Alipopumua akamwuliza, "Na wewe je? Mbona kila mwaka ulikubali kugombana?"

"Mimi sipigi magoti mbele ya mkate," Zachary akasema. "Ni kuabudu sanamu. Ningepelekwa mahakamani kama wewe. Ulipoanza habari ya mtaro mwaka ule wa kwanza, nilikwenda nyumbani nikamshukuru Mungu."

"Mimi napiga magoti mbele ya Mkate," Baba akasema, "ila si ule wa kikapuni."

"Basi mmoja wetu amekosea."

"Mmoja wetu, ndiyo. Nisamehe, Zachary."

"Nilishakusamehe zamani. Na wewe nisamehe, nimekuita Mpapa."

"Ndiye mimi," Baba akasema.

Hapo, mdogo wangu, ndipo nilipomsikia mtu akijiita kwa jina hilo kwa mara ya kwanza. Alilisema kwa utulivu, kama mtu anayeitika anapoitwa.

Alifariki siku ya pili yake, mchana, bila padre wetu na bila kasisi wao. Nilimsomea sala za Kilatini alizotufundisha Mama, na pale niliposahau alinikumbusha yeye. Hakuwa amekataa kitu, kwa hiyo hawakumnyima ardhi ya kanisa. Kulala kwake mbali na Mama kuliniuma na kunaniuma bado. Zachary hakuja mazikoni, angekujaje, mtu mwenye ugomvi? Tulipopita na jeneza nilimwona kwenye upande wake wa mtaro, kichwa wazi kwenye mvua ya barafu. Alisimama pale mpaka tukapotea.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu. Padre wenu ni msomi, na maana ya neno ameisema sawasawa. Mimi sina elimu ya kubishana naye. Ila yeye alieleza neno, na mimi nilikuwa chumbani. Baba alitaka kusamehe akiwa anajua gharama yake, na mtu wa imani nyingine akaibeba gharama hiyo kwa kumtukana. Kama kuna mahali pa marehemu waaminifu ambapo hawatoshi wawili hao, nitashangaa. Mtaje Baba kwa sauti, Thomasin. Usimfiche.

Sasa nikupe shida yangu mwenyewe. Tangu nifiwe na mume wangu nimekuwa nikienda kanisani na Baba, na Pasaka nilijificha chini ya ugomvi wake, kwamba nyumba nzima imeudhika. Jumapili iliyopita kasisi alinisimamisha mlangoni, kwa upole, akaniambia, "Margery, Pasaka hii nakutarajia mezani. Mwenye ugomvi alikuwa baba yako. Wewe huna neno na mtu." Ni kweli, sina. Mwenye nyumba sasa ni mimi, na ahadi aliyompa Mama naona imeniangukia pamoja na kondoo. Nikikataa, ardhi itakwenda na Alice atabaki hana mbele wala nyuma. Nimelala macho nikitafuta adui. Nilifikiria hata kugombana na Shangazi Sybil, lakini tunakula chungu kimoja, na tukijaribu kununiana yeye ndiye wa kwanza kucheka. Niombee, maana hofu ninayo, tena nyingi.

Jumatano.

Jana mkono ulichoka nikaiacha barua hapa. Naimalizia leo kwa haraka, mchukuaji anangoja jikoni anakula jibini yetu.

Asubuhi hii nilikuwa zizini na Alice, tunawalisha mama wa wanakondoo. Wanawake walikuwa wakipita barabarani kwenda kinuni, na mke wa Kasisi Whitlock akiwa miongoni mwao. Mara nikasikia jina langu linaitwa kwa sauti ya kupasua mbao. Zachary Ormerod alikuwa kwenye lango letu, uso mwekundu, fimbo mkononi.

"Margery Threlfall! Kondoo wako wamevuka mtaro tena. Wamekula mpaka mizizi. Ulidhani mzee akifa na deni limezikwa?"

Kondoo wangu wote walikuwa zizini nyuma yangu. Aliweza kuwaona juu ya bega langu, na mmoja alikuwa analia kwa sauti kubwa kabisa. Nilimtazama yule mzee akitetemeka kwenye baridi, na wanawake wote wamesimama wanangoja nitasema nini.

Nikamwambia, "Kondoo wa Threlfall wanakula watakapo, mtu wa kipimo wewe. Kapime tena mtaro wako." Sauti ilinitoka vibaya, lakini mke wa kasisi alidhani ni hasira.

Basi, mpenzi wangu, mchukuaji amesimama. Alice anakusalimu na kuuliza kama watawa huruhusiwa kucheka. Shangazi Sybil anakutumia soksi alizofuma, moja ndefu kuliko nyenzake, uzivae hivyo hivyo. Mwanakondoo Thomasin anaendelea vizuri na ni mkorofi. Mungu akulinde kifua na miguu, akupe usingizi wa kutosha na Mama Mkuu mwenye huruma, na atukutanishe, kama si huku basi huko kwake ambako natumaini hakuna mitaro.

Zachary Ormerod hakutumi salamu, nami siwezi kumwomba, maana hatusemezani. Mtaje katika sala zako, karibu na Baba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama siku ile ya tope,
Margery